Nyuma ya Kila Mashine Awepo Mtu wa Kujibu

Mazungumzo yaliyotolewa na mwandishi wetu mbele ya watumishi wa umma na walimu, mjini Njombe



Mmenitaka nizungumze nanyi juu ya huduma kwa mwananchi katika zama hizi za mitandao. Mada hiyo ni pana, na mtu akitaka kuimaliza yote atawakesha hapa, ilhali baridi ya Njombe ikishaingia jioni haina huruma. Kwa hiyo nimechagua sehemu moja tu, ambayo sidhani kama yumo humu ndani mtu asiyeonja uchungu wake. Nayo ni taabu ya mwenye shida kumpata binadamu wa kuzungumza naye, pale anapopiga simu kwenye kampuni, shirika au ofisi, akapokewa na mashine.

Utaratibu wenyewe mnaufahamu. Unapiga namba ya huduma kwa wateja. Sauti iliyorekodiwa inakukaribisha kwa upole. Inakutaka ubonyeze moja kwa Kiswahili, mbili kwa Kiingereza. Kisha inakusomea tangazo la bidhaa mpya ambayo hukuiuliza, na baada ya tangazo inakuja orodha: salio, vifurushi, namba ya siri, na kadhalika. Shida yako haimo. Unabonyeza ile inayokaribiana nayo, nawe unasomewa orodha nyingine. Njia ya kumfikia mtoa huduma imewekwa mwisho kabisa, na pengine haikutajwa. Ukiigundua, unaambiwa kwamba watoa huduma wote wanawahudumia wateja wengine, tafadhali endelea kusubiri. Muziki unapigwa, simu inakatika, unaanza upya pale penye moja kwa Kiswahili. Naye mwenzako aliyeamua kuandika ujumbe badala ya kupiga simu hukutana na roboti, ambayo humjibu papo hapo na kwa adabu kubwa, isipokuwa haimjibu alichouliza.

Yuko atakayesema kwamba hili ni jambo dogo, ni usumbufu wa dakika chache tu, na kwamba nchi ina mambo mazito zaidi. Nadhani si dogo. Katika nchi yetu swali la "nani anajibu?" limekuwa ni swali la siasa tangu tulipojitawala. Mwananchi anayehudumiwa na chombo chochote, kiwe cha Serikali au cha binafsi, anayo haki ya kujua ni nani atakayesimama na kujibu pale mambo yanapoharibika. Mashine haisimami, wala haijibu kwa maana hiyo ya kujibu. Basi tukikubali mashine iwe ndiyo mlango, dirisha na ukuta, tutakuwa tumeuondoa uwajibikaji bila hata kupiga kura.

Lakini kabla ya kuilaumu mashine, yatupasa tuitendee haki kwa kuuliza ilikuja kwa sababu gani.

Huko Marekani, katika karne ya 19, alikuwako mtu aitwaye Almon Strowger, ambaye kazi yake ilikuwa biashara ya mazishi katika mji wa Kansas City. Siku hizo kila simu ilipitia kwa opereta, naye ndiye aliyeunganisha nyaya kwa mkono. Inasimuliwa kwamba Strowger alishuku kuwa waliofiwa waliokuwa wakimtafuta yeye walikuwa wakiunganishwa kwa mshindani wake, kwa sababu opereta alikuwa na udugu na mshindani huyo. Kwa hasira ile akabuni mtambo wa kuunganisha simu bila opereta, na mwaka 1891 akapata hataza ya uvumbuzi wake. Mwaka uliofuata mtambo wa kwanza wa aina hiyo ukaanza kazi katika mji wa La Porte, jimbo la Indiana. Somo hapa ni wazi. Mtambo wa kwanza wa kumwondoa binadamu katika simu ulizaliwa na upendeleo wa binadamu.

Nasi kwetu hatukuwa malaika. Wazee mliomo humu mnakumbuka simu za kupitia kwa opereta, za enzi za Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa katika miaka ya 1993 na 1994. Mtu alikwenda posta, akaomba aunganishwe na Iringa au Dar es Salaam, akakaa kwenye benchi kungojea jina lake liitwe. Laini zilikuwa chache, na hazikukosekana nong'ono kwamba benchi lile lilikuwa fupi kwa wengine na refu kwa wengine. Na si posta peke yake. Ni mwananchi gani asiyeijua ile sentensi ya dirishani isemayo "njoo kesho"? Ni nani asiyejua kwamba kesho hiyo iliweza kusogezwa karibu na kitu kidogo cha chai?

Mashine haiombi chai. Haiulizi kabila la mtu, wala jina la ukoo wake, wala haimwambii kwamba bwana mkubwa yuko mkutanoni. Tangu mwaka 2017, Serikali ilipoanza kukusanya malipo yake kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa na mfumo, mwananchi anayelipa ada anajua kwamba fedha yake inakwenda Hazina, wala haibaki katika mtoto wa meza. Tangu mwaka 2008, huduma ya M-Pesa ilipoanza hapa nchini na nyingine zikafuata, mzazi wa Makete ameweza kumpelekea mwanawe aliyeko chuoni nauli kwa dakika moja, bila kumtafuta dereva wa basi aliye mwaminifu. Haya ni maendeleo. Anayetaka turudi kwenye benchi la posta hatutakii mema.

Kosa basi liko wapi? Kosa ni kuitwika mashine kazi isiyokuwa yake. Mashine hujibu swali ambalo limekwisha kuulizwa na watu elfu kabla yako, na ambalo mtu fulani alikaa ofisini akaliandikia jibu. Hiyo ni kazi kubwa, na inaifanya vizuri kuliko sisi. Ila shida ya kweli kwa kawaida ni ile ambayo haikuandikwa na mtu. Kama ingekuwa imetarajiwa, isingekuwa shida. Naomba nieleze kwa mifano mitatu ya huku huku kwetu.

Mfano wa kwanza uko Makambako. Mji huo, kama mjuavyo, ni njia panda. Barabara kuu iendayo Mbeya hadi Tunduma inakutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina stesheni yake hapo hapo. Katika mji wa namna hiyo fedha hazilali. Tumchukue mfanyabiashara wa viazi ambaye lori lake linapakiwa, naye anamtumia mkulima wa Uwemba shilingi laki nane kwa simu. Giza limeingia, watu wanamharakisha, tarakimu moja inakosewa, na laki nane zinakwenda kwa mtu asiyemjua. Fedha hizo zikiwa bado zimo katika akaunti ya aliyezipokea, zaweza kuzuiwa. Zikishatolewa kwa wakala, habari yake ni nyingine kabisa, ya polisi na mahakama. Kwa hiyo kila dakika anayosomewa orodha ya vifurushi ni dakika ya yule mwingine kutembea kuelekea kwa wakala. Baadhi ya makampuni yameweka njia ya kuomba muamala urudishwe bila kupiga simu, na hilo ni jema. Hata hivyo njia hiyo humfaa aliyeijua kabla ya kukosea. Aliyechanganyikiwa usiku wa stendi anahitaji sauti ya mtu imwambie, "Tulia, nitajie namba."

Mfano wa pili ni wa umeme. Tunao leo umeme katika vijiji ambavyo baba zetu walisomea kwa kibatari, na ile laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea imeufikisha umeme wa gridi kwa wenzetu wa Ruvuma. LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, imemwondolea mwananchi bughudha ya ankara za kukisia. Lakini umeme huo huja kwa tarakimu ishirini zinazoingizwa kwenye mita kwa mkono. Mwaka 2024, mita zote za aina hiyo, hapa kwetu na katika nchi nyingine, zilipotakiwa kubadilishwa kabla ya tarehe 24 Novemba, mteja alipewa mafungu matatu ya tarakimu ishirini ishirini, ayaingize moja baada ya jingine kwa mpango wake. Kwa kijana ni mchezo. Kwa kikongwe wa Lupembe, ambaye lugha ya moyo wake ni Kibena na macho yamechoka, hizo ni tarakimu sitini, na akikosea moja hajui ni ipi. Mashine humpa nafasi ya kuchagua Kiswahili au Kiingereza. Haimpi nafasi ya kusema, "Mwanangu, hapo sikuelewa, rudia."

Mfano wa tatu ni wa mbolea. Mwaka 2022 Serikali ilianzisha mpango wa mbolea ya ruzuku, uliozinduliwa Mbeya siku ya Nane Nane. Mkulima alisajiliwa, akapewa namba yake, na wakala wa mbolea akatakiwa kumthibitisha kwenye mfumo kabla ya kumuuzia. Nia ilikuwa njema, kwani tuliona zamani jinsi ruzuku ilivyoweza kuishia mikononi mwa wasiolima. Sasa fikirini mkulima aliyesajiliwa kwa namba ya simu ambayo ameipoteza, au aliyeandikwa ekari mbili badala ya kumi na mbili. Mfumo unamkataa. Wakala hana uwezo wa kusahihisha. Ofisa kilimo wa kata anasema kosa liko juu. Namba ya simu ya huko juu inasomea orodha. Na mahindi ya Njombe, Ndugu zangu, hayana orodha ya kubonyeza. Mvua ikianza mwishoni mwa Novemba yanataka kupandwa, na mbolea ya kupandia haimsaidii mtu mwezi Februari. Hapo kosa la tarakimu moja limekuwa gunia pungufu katika ghala la mwaka mzima.

Nimetaja wafanyabiashara, vikongwe na wakulima, lakini ninyi wenyewe hamko nje ya habari hii. Mwalimu anayeomba uhamisho siku hizi huomba kupitia mfumo wa watumishi. Anajaza, anatuma, anaona maandishi kwamba ombi linashughulikiwa. Miezi inapita, maandishi ni yale yale. Zamani mwalimu huyo angefunga safari hadi wilayani, akakemewa, lakini angalau angejua ni nani aliyemkemea. Leo hakemewi na mtu, wala hajibiwi na mtu.

Kuna madhara mengine ya jambo hili ambayo hayazungumzwi sana, nayo ni makubwa zaidi ya haya. Mwenye njaa hula hata kisichofaa. Watu wetu wamekuwa na njaa ya sauti ya binadamu, na mtu wa kwanza kuigundua njaa hiyo amekuwa ni tapeli. Tazameni jinsi anavyofanya kazi. Anakupigia yeye, hukumpigia. Anakuita kwa jina lako. Anajitambulisha kuwa ni mtoa huduma. Ana subira, anasikiliza, anakueleza polepole mahali pa kubonyeza. Mambo yote ambayo mwananchi aliyatafuta kwenye namba halali akayakosa, anayapata kwa mwizi. Basi tunashangaa nini watu wanapotaja namba zao za siri?

Serikali haikukaa kimya. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na zile ambazo hazikusajiliwa zikaanza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Mwananchi anaweza kupiga *106# akajua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, na anaweza kuitaarifu namba ya tapeli kwa ujumbe kwenda 15040. Hizo ni silaha nzuri. Lakini silaha iliyo bora kuliko zote ni mwananchi kuwa na yakini kwamba, akipiga namba halali, atapokewa na mtu halali. Akiwa na yakini hiyo, atamkatia simu tapeli bila wasiwasi na kumwambia, "Nitapiga mwenyewe."

Sasa nije kwetu sisi, kwani kunyoosha kidole kwenye makampuni peke yake ni kazi rahisi.

Ipo sentensi mpya iliyoingia katika ofisi zetu kuchukua nafasi ya "njoo kesho". Sentensi hiyo ni "mfumo haukubali". Ina ndugu zake: "mfumo uko chini", "mtandao unasumbua", "mimi ningependa, ila mfumo hauniruhusu". Mara nyingi ni kweli tupu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za mawasiliano zilizo chini ya bahari zilipokatika, intaneti ilidorora nchi nzima, na hakuna karani wa Wanging'ombe aliyeweza kuzamia baharini akaziunga. Simlaumu mtumishi kwa kukatika kwa nyaya. Namlaumu anapoufanya mfumo kuwa mwavuli. Maana "njoo kesho" ilikuwa na mwenyewe, mwananchi aliweza kwenda kwa mkubwa akasema, "Fulani wa dirisha la pili ameniambia nije kesho kwa mara ya tano." Sentensi ya "mfumo haukubali" haina mwenyewe. Inamfunga mdomo mlalamikaji kwa sababu hakuna aliyemkosea. Na mtumishi anayeitamka bila kuongeza neno lingine amejigeuza mwenyewe kuwa ile ile sauti iliyorekodiwa, tofauti ni kwamba yeye analipwa mshahara.

Mtumishi mwenye mwili na jina huongeza neno lingine. Husema: "Mfumo haukubali kwa sababu jina lako katika kitambulisho na jina lako katika cheti zimetofautiana. Anayeweza kurekebisha ni ofisa fulani. Nimeandika shida yako katika daftari hili. Njoo Jumatano saa nne, nami nitakuwa nimempigia." Ni maneno machache sana. Hayahitaji bajeti. Lakini mwananchi aliyeambiwa hivyo hurudi kijijini akiwa na Serikali, na yule asiyeambiwa hurudi bila kitu.

Mambo haya si mageni katika historia yetu. Mwaka 1966 nchi yetu iliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ambayo kazi yake ilikuwa kusikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya wenye madaraka, na ikawa ni ya kwanza ya aina yake katika Afrika. Makamishna wake, wakiongozwa mwanzoni na Chifu Erasto Mang'enya, hawakungojea Dar es Salaam waletewe barua. Walizunguka mikoani, wakakaa na watu, na asiyejua kuandika akasema kwa mdomo. Nchi ilikuwa changa, barabara mbovu, simu za kuhesabika, na bado ikaonekana kwamba sikio la Serikali lazima litembee. Miaka mitano baadaye, Mwongozo wa TANU wa 1971 ukawakataza viongozi majivuno na dharau kwa wanaowaongoza. Kazi ya Tume ile ilirithiwa mwaka 2001 na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Sasa tukiwa na simu katika karibu kila nyumba, tutawaambia nini waliozunguka kwa magari ya vumbi? Kwamba tumepata vyombo zaidi na masikio machache?

Nayo sheria haijamwacha mwananchi mikono mitupu. Mwenye lalamiko juu ya mawasiliano huanzia kwa mtoa huduma wake, na asiporidhika anaweza kulifikisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ambayo kwa kanda yetu ofisi yake iko Mbeya. Lipo pia Baraza la Ushauri la watumiaji wa huduma za mawasiliano, lililotokana na sheria ya mwaka 2003. Na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo wengi hawajaisoma. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kutaka uamuzi unaomgusa kwa uzito usitokane na mashine peke yake. Maana yake ni kwamba Bunge letu limekwisha kukubali kanuni ninayoitetea hapa: nyuma ya mashine awepo mtu. Kilichobaki ni kanuni hiyo ishuke kutoka kwenye karatasi ifike kwenye simu ya mwananchi wa Ludewa.

Nitajibiwa kwamba binadamu ni ghali, kwamba nchi yenye watu zaidi ya milioni 61 kwa sensa ya 2022 haiwezi kumwekea kila mpiga simu mtu wa kumsikiliza. Hoja hii ina nguvu, lakini inajijibu yenyewe. Mashine ililetwa ichukue yale maswali elfu yanayofanana, ili wahudumu wapate nafasi ya kushughulikia yale kumi yasiyofanana. Ikiwa imeyachukua yale elfu, ile nafasi iliyookolewa imekwenda wapi? Kama imekwenda katika faida ya kampuni, basi mteja ndiye aliyeilipia kwa muda wake wa kungojea. Na tusisahau kwamba katika mitaa ya Njombe na Makambako wamo vijana waliomaliza vyuo, wenye Kiswahili safi na lugha za mama zao, wanaotafuta kazi. Hatuna upungufu wa watu wa kusikiliza.

Nadhani pia tulishapata onyo. Mwezi Mei 2021 mfumo wa kuuzia LUKU ulipata hitilafu kwa siku kadhaa. Watu hawakuweza kununua umeme kwa simu. Walifanya nini? Walikwenda kwenye ofisi za shirika, wakapanga foleni, wakamtafuta mtu. Mashine ilipoanguka, binadamu ndiye aliyebaki. Sasa siku ambayo tutakuwa tumezifunga ofisi zote za namna hiyo kwa kuamini kwamba hazihitajiki tena, watu watakwenda wapi?

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, napendekeza mambo matano.

Kwanza, kila namba ya huduma kwa wateja itaje njia ya kumfikia mtu mwanzoni mwa orodha, si mwishoni. Anayetaka salio atalipata tu. Mwenye dharura asilazimishwe kupita katika duka la matangazo.

Pili, mtu huyo atakayepokea awe na jina, awe na uwezo wa kuamua, na ampe mlalamikaji namba ya kumbukumbu. Kumweka kijana kwenye simu bila uwezo wowote ila wa kusema "tumelipokea" ni kumfanya mashine yenye koo.

Tatu, katika kila ofisi ya umma yenye mfumo, liwepo daftari la siku ambazo mfumo haufanyi kazi. Mwananchi aliyetoka Makete kwa nauli yake asirudi bila jina lake kuandikwa mahali. Mfumo ukiamka, daftari lifunguliwe, na walioandikwa wawe wa kwanza.

Nne, makampuni yanayovuna katika mkoa huu yaweke hapa watu wanaosikiliza, na si wauzaji wa laini peke yao. Mawakala wengi mnaowaona chini ya miamvuli wana uwezo wa kuuza, hawana uwezo wa kusahihisha. Tofauti hiyo mwananchi haijui mpaka apatwe.

La tano linawahusu walimu, nami nalisema kwa heshima. Vijijini ninyi mmekuwa huduma kwa wateja ya makampuni yote bila kuajiriwa na hata moja. Mzazi akipata ujumbe asiouelewa, anauleta shuleni. Tarakimu za LUKU zikigoma, anaitwa mwalimu. Fedha ikipotea, anaulizwa mwalimu. Kazi hii ni ya heshima, ila ina hatari zake, na kubwa ni pale mzazi anapokuachia simu pamoja na namba ya siri. Msaidieni, lakini namba ya siri aibonyeze mwenyewe, hata kama itachukua robo saa. Na darasani wafundisheni watoto kulalamika kwa utaratibu, kwamba mtu aandike tarehe, saa, namba aliyopiga, jina la aliyemjibu na alichoambiwa. Lalamiko lenye kumbukumbu haliwezi kupuuzwa kirahisi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Tuwafundishe pia kwamba kutokujibu ndiyo aibu.

Ndugu zangu, sikuja kuwataka mzivunje mashine, wala kuwatukuza makarani wa zamani. Mashine iendelee kutuondolea foleni, rushwa na safari zisizo na maana. Lakini isituondolee mtu. Yupo mwananchi ambaye atapiga simu usiku huu kutoka stendi ya Makambako, au atakayefika kesho asubuhi kwenye dirisha la mmoja wenu humu akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Shida yake haimo katika orodha. Hilo ndilo lililomtoa nyumbani. Anapofika, aulizwe, "Ndugu, una shida gani?" na anayeuliza angoje jibu.